Aliye Toharani Hajipikii

Wapendwa wa jumuiya, tangu nirudi kutoka Geita mmekuwa mkiniuliza habari za safari, nami nawajibu "nzuri tu" kama mtu anayeitikia salamu. Haikuwa nzuri. Tena Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mama Kasiani alinifuata hadi langoni kuniambia kwa upole kwamba mimi katibu nimekosea kwenye daftari la maombi, jina la kaka yangu limesomwa pasipo pake. Sikukosea. Naandika haya ili nisiulizwe tena, na kwa kuwa nikisimulia kwa mdomo nitalia kabla sijafika Tinde.

Mnajua kwamba kaka yangu Masanja, ambaye kwa ubatizo ni Paskali, alifukiwa na duara huko Geita mwaka jana mvua zilipoanza. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, refu kwenda chini kama kisima. Walimtafuta siku nne, wakamkosa, wakalijaza shimo kifusi. Hakuna kaburi. Hayo mnayajua, mlikuja kulia na sisi.

Msilolijua ni hili. Miaka miwili kabla ya hapo, msimu wa kulima ukiwa mlangoni, Masanja aliwauza ng'ombe wawili wa jembe alioacha marehemu baba, akaenda kutafuta dhahabu. Mama alibaki na shamba lisilolimwa. Masanja alipopiga simu kueleza, mimi ndiye niliyeishika, spika ikiwa wazi, na mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kama umewaacha ng'ombe wa baba yako ukafuata mashimo, basi ardhi ikumeze." Simu ikakatika. Sikumwambia mama afute neno lile. Nami nilikuwa na hasira.

Ardhi ikammeza. Tangu siku hiyo mama, ambaye sasa anaishi kwangu, anakula kijiko kimoja au viwili na kusukuma sahani. Misa anakwenda, lakini wakati wa komunyo hubaki ameketi. Mmemwona, na kwa heshima hamkuuliza.

Mzee Gervasi, katekista wetu, alikuja kumfariji. Alisema Masanja alikuwa mbatizwa, hatuwezi kumhukumu, tutumaini kwamba yuko toharani anatakaswa, na sisi tumwombee. Akaniandikia kikaratasi chenye sehemu za Maandiko. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani na sokoni, alilisikiliza lile neno toharani kama mtu anayepewa dawa asiyoijua. Akauliza swali moja tu: "Huko, neno la mtu linafika?"

Kwetu mzazi aliyetamka neno zito hulifuta kwa kujaza maji mdomoni na kumpulizia mwanawe kifuani. Mama alitaka kulifuta neno lake, lakini kifua kiko chini ya kifusi. Ndipo akanituma kwa mke wa Masanja niulize kama kaka alikufa akiwa na kinyongo naye, na niombe nguo moja ya mwili wake. Akanifungia mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa ajili ya mjukuu wake. Nikaondoka.

Shinyanga hadi Isaka

Basi lililoahidiwa saa mbili liliondoka saa nne kasoro, kwa kuwa dereva alikuwa akimsubiri shemeji yake, na shemeji alikuwa akisubiri chapati. Mnanijua, subira si karama yangu. Nilikuwa nimeshamgombeza kondakta mara mbili kabla hatujatoka stendi, na chapati zilipoingia nikakataa kuuziwa.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mnene wa makamo, Mama Bhoke, Mkurya wa Tarime anayeuza dagaa Isaka. Aliniachia robo ya kiti changu, kilichobaki akachukua yeye. Tulipofika Tinde simu ikaita. Alikuwa mama. Alitaka kuhakikisha tena kile alichosema Mzee Gervasi, kama kwamba mwendo wa saa moja ungeweza kukibadilisha. Ndani ya basi huwezi kunong'ona, injini inakushinda. Nikapaza sauti: ndiyo mama, Masanja yuko toharani, ana maumivu, lakini atatoka.

Nilipokata simu, Mama Bhoke alinipa pole ya mgonjwa. Akauliza ana umri gani. Nikamwambia thelathini na nane. Akaguna, akasema hapo amechelewa, lakini ninyi Wasukuma ndivyo mlivyo, mpaka gari la matangazo lipite kijijini. Kisha akaanza kunishauri. Wiki sita tu, atakuwa mzima. Asinyanyue vitu vizito. Asikae karibu na mke. Nikamtazama nikidhani amechanganyikiwa, mpaka nikakumbuka yale magari yenye vipaza sauti yaliyokuwa yakizunguka kwetu kuwahimiza wanaume wakafanyiwe tohara. Yule mama alidhani kaka yangu ametahiriwa ukubwani.

Nilitaka kucheka na kukasirika kwa pamoja. Kabla sijachagua, akauliza: "Nani anampikia?"

Nikamwambia hana wa kumpikia.

"Mh, hiyo si sawa, dada. Kwetu aliye toharani hajipikii. Wa nyumbani ndio wanaompelekea uji. Asipopelekewa, anakaa na kidonda chake na njaa."

Ndipo nikamwambia amekufa. Nikamweleza kwamba toharani ya Wakatoliki ni mahali pengine, panapotakaswa roho ya mtu aliyekufa katika urafiki na Mungu lakini akiwa bado na madoa. Mama Bhoke alifunika mdomo kwa kanga na hakunisemesha tena hadi Isaka. Aliposhuka hakuaga. Basi lilipokuwa linaanza kujongea aligonga dirisha, akanipitishia mayai mawili ya kuchemsha na chumvi ndani ya kipande cha gazeti. "Ya mgonjwa," akasema, akaondoka na ndoo yake. Niliyala yote mawili huku machozi yananitoka, na kondakta niliyemgombeza akajifanya haoni.

Kahama

Kwa ajili ya chapati za shemeji tulifika Kahama saa nane, na basi la Geita lilikuwa limeondoka. Ikabidi nilale. Nikaingia hoteli ndogo nyuma ya stendi, nikaagiza wali na maharage. Wali wa Kahama hauhitaji mboga, unanukia wenyewe, lakini siku ile niliumeza bila kuusikia.

Mwenye hoteli aliitwa Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alihamia pale kutoka Tabora na biashara ya nguo. Alikuwa mpole na mdadisi. Aliniona nimetoa kile kikaratasi cha Mzee Gervasi ninakisoma, akauliza kama ni dawa za hospitali. Nikamwambia ni Maandiko ya toharani. Nikasubiri na yeye anipe pole ya mgonjwa.

Badala yake alisema hilo ni neno letu. Kwao tohara ni usafi wa kuingilia ibada, huwezi kusimama mbele ya Mungu bila hiyo. Nikashangaa, maana Mzee Gervasi alikuwa ameniandikia Ufunuo sura ya ishirini na moja, panaposemwa kwamba katika mji mtakatifu hakiingii kitu chochote kichafu. Ilikuwa karibu alasiri. Bi Mwanaidi akachukua kopo la maji, akaanza kutawadha pale uani huku bado tunaongea: mikono, mdomo, pua, uso. Nikamuuliza, kwa ubishi tu, je, mtu akifa bila kujisafisha?

"Maiti hajitawadhi, mama," akasema. "Maiti huoshwa na wengine."

Akaenda kuswali. Nami nikabaki na sahani, nikifikiri kwamba Masanja hakuoshwa na mtu. Tulilia siku saba, tulipika, tuliimba, na kati yetu wote hakuna aliyemmwagia hata kikombe kimoja cha maji. Sijui kwa nini wazo hilo halikuwahi kunijia mwaka mzima. Lilinijia pale, kwenye benchi la mbao, na halijaondoka.

Kahama hadi Geita

Njia ya Kakola na Bukoli siielezi sana, waliopita wanaijua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mbele ya Kakola basi liliingia tope hadi kwenye ekseli, tukashushwa wote, wanaume wakasukuma, wanawake tukatoa ushauri. Saa nne nzima. Mvua ikarudi, na kikaratasi cha Mzee Gervasi, nilichokiweka kwenye mfuko wa sketi, kikawa uji wa wino.

Njaa ilipozidi, mzee mmoja aliyekuwa akiutazama mfuko wangu tangu asubuhi aliuliza kama hayo ni matobolwa. Nikasema ni ya mtoto. Akasema wabeja, ahsante, na kunyoosha mkono, kana kwamba nimemkaribisha. Baada yake wakaja wengine. Niliwapa nikiwa nimenuna, tena nikihesabu. Mama alikuwa amevikausha viazi vile juu ya bati kwa siku nyingi, akivigeuza mwenyewe, huku yeye hali. Tulipokwamuka, mfuko ulikuwa umebaki nusu.

Kalangalala

Mke wa Masanja anaitwa Elizabeti, lakini majirani humwita Mama Jeni kwa jina la binti yao wa miaka sita. Amepanga chumba kimoja Kalangalala, anauza mitumba. Alinipokea vizuri, akanikanda miguu kwa maji ya moto, akapika ugali na sato. Hakuwa na hatia yoyote kwangu. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Mama Jeni ni mlokole, aliokoka kabla hajaolewa. Tulipomaliza kula aliniambia, kwa adabu zote, "Wifi, karibu sana. Ila kama umekuja na misa, misa irudi ilikotoka."

Nikamwambia sikuja na misa, nimekuja na swali la mama. Lakini swali lenyewe halikupata nafasi. Tuliingia kwenye Maandiko kama kuku wawili kwenye bakuli moja. Yeye akafungua Waebrania: mtu hufa mara moja, baada ya hapo hukumu, hakuna kituo cha kati. Akafungua Luka, tajiri na Lazaro, na lile shimo kubwa lisilovukika. Nikamjibu kwa Mathayo, pale Bwana anaposema kuna dhambi isiyosamehewa wala katika ulimwengu huu wala katika ule ujao. Kama hakuna kinachosamehewa huko mbele, kwa nini akautaja? Akasema hiyo ni namna ya kusisitiza tu. Akaniuliza neno toharani liko mstari gani. Nikakiri kwamba neno lenyewe haliko katika mstari wowote. Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile likaniudhi.

Nikatoa Biblia yangu, nikamwambia sasa tusome Makabayo, kitabu cha pili, sura ya kumi na mbili. Akatafuta katika yake. Akapekua kutoka Malaki akaangukia Mathayo.

"Hicho mmekiongeza," akasema.

"Ninyi mmekipunguza," nikasema.

Jeni alikuwa katikati yetu anatafuna matobolwa ya bibi yake, akigeuza kichwa huku na huku. Sikusoma, nilisimulia, maana nilishakuwa na hasira na hasira hainiruhusu kusoma. Nikamweleza kwamba Yuda Makabayo alikwenda na watu wake kuwazika askari wenzao waliouawa vitani. Walipowainua, wakakuta chini ya nguo ya kila mmoja wao kitu kilichofungwa.

Mama Jeni akaacha kupekua. "Wakakuta nini?"

"Hirizi," nikasema. "Vitu vya miungu ya kigeni, ambavyo sheria yao ilivikataza."

Akasimama. "Nani amekuambia, wifi? Umekuja nyumbani kwangu kunisuta?"

Sikuelewa. Nikadhani nimeitukana dini yake. Ilichukua muda, na machozi mengi, mimi kujua kwamba alidhani namsimulia habari za mume wake kwa mafumbo. Masanja alikuwa amefunga hirizi kiunoni. Mama Jeni aliiona miezi michache kabla ya ajali, wakagombana, akamwambia achague kati ya hiyo na Yesu. Hakuivua. Aliingia nayo chini. Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa anaibeba siri hiyo peke yake, hata mchungaji wake hakumwambia, na kila akisikia mahubiri ya hukumu alikuwa anajua jina la mtu anayehukumiwa. Haukuwa ubishi uliomfanya akatae misa. Alikuwa ameshakata tamaa.

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia katika maisha yangu. Nikataka kumwambia sehemu iliyobaki ya habari ile, kwamba Yuda hakuwaacha askari wale. Aliwaombea dhambi yao ifutwe, akakusanya sadaka akaipeleka Yerusalemu kwa ajili yao, kwa sababu aliamini watafufuka. Hirizi zikiwa bado viunoni mwao. Nilimwambia, lakini alikuwa ameshajifunika shuka pamoja na mtoto, na sijui kama alisikia.

Kwenye duara

Asubuhi Mama Jeni hakutaka kunipeleka. Alinielekeza kwa mtu anayeitwa Maduhu, aliyekuwa akifanya kazi na Masanja, nami nikachukua bodaboda. Huko ni vilima vilivyopasuliwa, maturubai ya bluu, karasha zinazosaga mawe na kutoa vumbi jeupe ambalo hata mvua hailishindi. Maduhu ni mtu mfupi mwenye macho mekundu. Alinishika mikono yote miwili, akaniamkia shikamoo ingawa tunalingana, kisha akasema bila kuulizwa: mimi ndiye niliyemshusha kwa kamba.

Alinionyesha mahali. Hakuna kitu pale. Ardhi imebonyea kidogo kama kitanda alichotoka mtu, na hatua ishirini pembeni wamechimba duara jingine. Nilidhani nitapiga magoti. Nilisimama tu, miguu ikizama topeni, nikasali Salamu Maria moja nikaisahau katikati.

Nikamuuliza Maduhu kuhusu hirizi. Nilidhani ataniambia ilikuwa ya kuvuta dhahabu, wengi huko hufunga za hivyo. Akatikisa kichwa.

"Ile ilikuwa kinga ya ardhi, dada. Alikuwa anaogopa neno la mama."

Kumbe kaka yangu alikuwa anashuka shimoni kila siku na maneno ya mama masikioni. Alimwendea mganga, akafungiwa kinga ili ardhi isimmeze. Nikauliza swali nililotumwa: je, alikuwa na kinyongo na mama?

"Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na woga. Alisema mama akimpulizia maji, ataikata mwenyewe mbele yangu. Alisema amempigia dada yake amwombee kwa mama."

Wapendwa, alinipigia. Nilikuwa nimelikunja jambo hilo nikaliweka mbali, na Maduhu akalikunjua bila kujua. Siku chache kabla ya ajali Masanja alinipigia akaniomba nimpe mama simu. Mama alikuwa nje anapepeta mchele, hatua kumi kutoka niliposimama. Nikamwambia, "Njoo mwenyewe na ng'ombe wako." Nikakata. Kwa hiyo mama analia kwa neno alilolisema, lakini neno hilo lingeweza kufutwa, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikazuia. Mmenichagua kuwa katibu wa jumuiya kwa sababu eti ninajua Maandiko.

Maduhu hakunifariji wala hakunilaumu. Alikuwa na kazi. Kando ya kibanda chake kulikuwa na jiko la mkaa, na juu ya kijiko cha chuma kijidonge cheupe cha dhahabu iliyoshikamana na zebaki. Akaniambia nikae upande unakotoka upepo, moshi ule ni sumu. Yeye mwenyewe hakujikinga. Kile kijidonge kilikuwa kinatoa moshi, kinakuwa kijivu, kisha taratibu kikaanza kuwa cha njano.

Nikamweleza kile ambacho Mzee Gervasi aliniandikia kutoka barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya tatu, na ambacho sasa kilikuwa wino mtupu mfukoni. Kwamba kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto, awe amejenga kwa dhahabu au kwa majani. Ambaye kazi yake itaungua atapata hasara, lakini yeye mwenyewe ataokolewa, kama mtu aliyepita motoni. Nilimuuliza kama anafikiri Masanja alikuwa na dhahabu yoyote ndani yake, maana mimi nilikuwa sioni kwake ila hirizi na ng'ombe waliouzwa.

Maduhu alichochea mkaa. "Hatuchomi kifusi, dada. Kifusi tunamwaga. Ukiona mtu anachoma, ameshaona kuna kitu."

Alisema hivyo kuhusu kazi yake, sidhani kama alikuwa anahubiri. Sijafa moyo kabisa tangu hapo, lakini nisidanganye, sikutoka pale nikiwa na furaha. Dhahabu haisikii uchungu. Mtu husikia.

Kurudi

Kesho yake alfajiri Mama Jeni alinisindikiza hadi kona tu. Nilikuwa nimeshaketi kwenye basi nilipomwona anakuja mbio kati ya wauza maji, Jeni mgongoni, mkononi mfuko. Ndani yake shati la Masanja, la drafti, kola imechakaa.

"Mpe mama mkwe. Mimi siombei wafu, wifi, hilo usimdanganye." Akaugusa mfuko. "Ila mwambie sijalifua."

Mwaka mzima hakuwa amelifua. Nililinusa njiani mara moja tu. Basi halikukwama, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeniuliza kitu, na Isaka nilimtafuta Mama Bhoke kwa macho nisimwone.

Nilikuwa nimeamua kumficha mama habari za hirizi. Lakini kabla sijavua viatu aliuliza, "Alikuwa na nini mwilini?" Sijui alijuaje kuuliza hivyo. Nikamwambia yote, hirizi na sababu yake, na simu niliyoikata. Nilipiga magoti nilipofika hapo kwenye simu. Mama hakunigusa wala hakunifukuza. Maji yaliyokuwa jikoni yalichemka na kumwagika, akaenda kuyaepua.

Nikamsimulia askari wa Makabayo, walivyokutwa na hirizi na bado wakaombewa. Akasikiliza hadi mwisho. "Hao askari," akasema, "mama zao walikuwa hai?" Nikamjibu kitabu hakisemi.

Kisha, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamsimulia Mama Bhoke na wiki zake sita. Nilidhani atacheka, au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza lile lile aliloliuliza yule Mkurya: "Nani anampikia?"

"Ni sisi, mama. Yeye hawezi tena kujisaidia. Ni sisi tunaompelekea. Ndivyo Kanisa linavyosema."

Akaniomba maji. Akajaza mdomoni, akalitandaza shati mapajani, akalipulizia kifuani mara mbili. Hakusema neno; baadaye alinieleza kwamba kwetu neno hufutwa bila neno. Akaniashiria nisogee, nikapuliziwa na mimi. Halafu akaomba beseni na sabuni, akalifua shati lile mwenyewe, polepole, kola, makwapa, vifungo, kama anamwogesha mtu. Akalianika. Jioni alikunywa uji, kikombe kizima.

Jumamosi nilikuwa naandika daftari la maombi la Jumapili. Mnalijua, kushoto huandikwa wagonjwa na kulia marehemu. Mama akasema nimwandike Paskali. Nikaanza kumwandika kulia. Mama hajui kusoma, lakini kushoto anakujua, jina lake limeshaandikwa huko mara nyingi. Akaweka kidole juu ya kalamu yangu.

"Huko hapana, mwanangu. Umesema yuko toharani. Mwandike kwa wagonjwa."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na sura na mistari yote kichwani. Nikafuta, nikamwandika kushoto, wa tatu, chini ya Mzee Charles mwenye presha.